Presha Bila Kuacha Njiani: Mwongozo Kamili wa Kujitunza Nyumbani

Kumeza dawa za presha wiki mbili za mwanzo si kazi, kwa sababu mtu bado ana khofu. Kazi inakuja mwezi wa nne. Kichwa hakiumi, namba zimeshuka, kliniki iko mbali, na mtu anajiuliza: sasa hiki kidonge nakinywea nini? Anakiweka. Wiki chache baadaye anapimwa na presha imerudi pale pale ilipokuwa, au imepita.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Ameshapimwa na daktari, ameshaambiwa ana presha, ameshapewa dawa, na ameshawahi kuanza akaacha. Makosa tunayoyaona ni yale yale, Unguja na Pemba: dawa inafuata hali ya mwili badala ya saa yake, presha inapimwa ovyo, na chumvi inapunguzwa kwa maneno tu.

Presha haina dalili kwa watu wengi. Unaweza kuwa na 170 ukacheza bao mpaka magharibi. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepangwa ifanye kazi hata siku ambayo huna hamu nayo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine ya presha ya kidijitali, ya kufunga mkono wa juu. Za kufunga kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi. Angalia upana wa mkanda: ukiwa mdogo kwa mkono wako, namba hutoka kubwa kuliko ilivyo kweli. Kama huna uwezo wa kununua, changieni nyumba mbili tatu za jamaa, au panga siku maalumu ya wiki ya kupima kituo cha afya.
- Daftari la skuli na kalamu iliyofungwa uzi kwenye daftari hilo. Kalamu isiyofungwa huondoka na watoto.
- Kisanduku cha dawa cha siku saba. Kikikosekana, vikopo saba vidogo vyenye vifuniko vinatosha, ila viwekwe mbali na watoto.
- Kijiko cha chai na kikombe kidogo kikavu, kwa ajili ya chumvi.
- Orodha ya dawa zako: jina, miligramu, mara ngapi kwa siku. Iandike nyuma ya jalada la daftari.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua kila kitu kuhusu presha yako. Mmoja tu. Wakiwa sita, kila mmoja hudhani mwenzake ameshauliza.

## Hatua ya 1: Jua namba unayoitafuta

Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika. Presha huhesabiwa kuwa imepanda ikifika 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti. Kwa vipimo vya nyumbani, kiwango kinachotumika huwa chini kidogo, 135/85, kwa sababu nyumbani mtu ametulia zaidi.

Kwa wengi lengo ni kukaa chini ya 140/90. Mwenye kisukari, maradhi ya moyo au ya figo huenda daktari akataka ya juu iwe chini ya 130. Muulize daktari wako lengo lako ni ngapi, uliandike kwa tarakimu kubwa kwenye jalada.

Hatua hii imekamilika pale mtu akikuuliza "presha yako inatakiwa iwe ngapi?" ukajibu bila kufikiri. Wengi wanajua ilivyokuwa siku waliyoanguka, hawajui inapotakiwa kuwa.

## Hatua ya 2: Pima kwa namna moja kila siku

Hapa ndipo daftari nyingi zinapoharibika. Mtu anapima amesimama, keshokutwa amelala, siku nyingine anatoka sokoni na kikapu, halafu anasema mashine ni mbovu.

1. Nenda msalani kwanza. Kibofu kilichojaa hupandisha presha.
2. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usitafune tambuu ya tumbaku. Kipimo cha barazani baada ya vikombe viwili vya kahawa hakikuambii kitu.
3. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, dakika tano, kimya. Mkeka na kitanda havifai kwa kazi hii. Nyayo ziguse sakafu, miguu isipandane.
4. Laza mkono juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba hupanda bure.
5. Toa mkono kwenye nguo. Mkono wa kanzu au wa baibui uliokunjwa ukabana juu ya kiwiko hubadilisha kipimo. Mkanda ukae upana wa vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko, ubane kiasi cha kidole kimoja kupita.
6. Usizungumze. Wala usimjibu mtu anayepiga hodi.
7. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Andika zote mbili, hata ile usiyoipenda.

Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, kisha jioni kabla ya kula. Fanya hivyo siku saba mfululizo kabla ya kila kliniki. Namba za siku ya kwanza ziache, nyingine zijumlishe uzigawe kwa idadi yake. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Nje ya wiki hiyo, siku mbili kwa wiki zinatosha, daktari asipokuambia vingine.

Ukurasa ulioandikwa vizuri unaonekana hivi: Jumatatu asubuhi 158/94, 152/92. Jumatatu jioni 149/90, 147/88. Pembeni, kwa mwandiko mdogo: "sikulala, harusi ya jirani." Neno dogo kama hilo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya mdomo, kwa sababu usiku wa kukesha unaeleza namba ya asubuhi yake.

Tahadhari: Usipime mara kumi kwa siku kwa sababu umeona namba kubwa. Khofu yenyewe huipandisha. Ukiona namba ya kushtua, kaa dakika tano, rudia mara moja, kisha fuata hatua ya 7.

Utajua umefanikiwa vipimo vyako viwili vya kikao kimoja vikianza kukaribiana. Vikipishana sana kila siku, rudi kwenye kiti na mkono.

## Hatua ya 3: Funga dawa kwenye jambo usiloliacha

"Nitakunywa asubuhi" ni ahadi isiyo na mahali. Chagua jambo ambalo hata ukiwa mgonjwa, una wageni au umesafiri, hulipitishi. Kwa wengi wetu ni sala. Kisanduku cha dawa kikae karibu na mswala, pamoja na gilasi ya maji, umeze ukishatoa salamu ya alfajiri. Anayependa chai, kisanduku kikae karibu na chupa ya chai. Kilicho ndani ya kabati ya chumbani, chini ya doti za kanga, husahauliwa.

Jaza kisanduku siku moja ya wiki, Alkhamisi jioni kwa mfano. Faida yake ni kwamba huhitaji kukumbuka kama umemeza. Unafungua, unaona. Wazee wengi wamemeza mara mbili kwa siku kwa kukosa hilo tu.

Ukisahau, meza ukikumbuka siku ile ile. Ikiwa dozi inayofuata imekaribia, iache iliyopita. Usimeze mbili kufidia.

Nenda kuchukua dawa zikibaki za siku saba, usisubiri ziishe. Wakati wa msimu wa karafuu watu hupotea mashambani wiki nzima; jaza kisanduku kabla ya kuondoka. Unapovuka baina ya Pemba na Unguja, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Mzigo uliopakiwa chini ya boti unaweza kufika kesho.

### Mambo yanayowafanya watu waache kimya kimya

Haya tuyaseme wazi, maana mtu akiacha dawa kwa aibu, hata daktari anababaika: anaongeza dozi ya dawa isiyomezwa.

*Miguu kuvimba.* Amlodipine inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Sema, dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa.

*Kikohozi kikavu kisichoisha.* Captopril na enalapril huwaletea baadhi ya watu. Zipo za kundi jingine, kama losartan, ambazo kwa kawaida hazina shida hiyo. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba baada ya kumeza, hiyo ni dharura: nenda hospitali saa hiyo hiyo.

*Kukojoa kila mara.* Ni kazi ya dawa za mkojo kama hydrochlorothiazide. Zimezwe asubuhi ili usiku ulale.

*Nguvu za kiume.* Wanaume wengi huacha hapa, na hawamwambii mtu. Presha yenyewe huharibu nguvu hizo, baadhi ya dawa nazo huchangia, na dawa nyingine zipo. Kama unaona haya kumwambia muuguzi wa kike, omba kuzungumza na mwanamme. Usiache tu.

Tahadhari tatu. Atenolol na nyingine za kundi lake haziachwi ghafla, moyo unaweza kuleta matatizo makubwa. Mwanamke anayetaka kushika mimba, au aliyeshika, awahi kusema: enalapril, captopril na losartan zinamdhuru mtoto tumboni, na zipo za kubadilisha. Na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen hupandisha presha. Mwenye magoti yanayouma aulize kuhusu paracetamol kabla ya kununua nyingine dukani.

Habasoda, kitunguu thomu, majani ya mstafeli: sijaja kugombana na anayetumia. Ninaloomba ni mawili. Usiache kidonge kwa ajili yake, na mwambie daktari unatumia nini na kiasi gani.

Utajua umefanikiwa kisanduku kikiwa kitupu siku ya saba, na hujui ni lini mara ya mwisho ulilazimishwa kumeza.

## Hatua ya 4: Pima chumvi, usiikadirie

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hiyo ni ya vyakula vyote vya siku: mchuzi, wali, mkate na cha kununua njiani.

Mpishi wetu hutia chumvi kwa kiganja na kuonja kwa ulimi. Ulimi uliozoea chumvi hauwezi kuwa kipimo. Fanya hivi:

Wiki ya kwanza, asubuhi tia kwenye kikombe kidogo chumvi mnayotumia kwa kawaida kwa siku nzima, ukihesabu vijiko. Pika kutoka kikombe hicho tu. Usibadilishe kitu bado, jua tu hali yenu.

Kila wiki inayofuata, punguza nusu kijiko. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Anayekata yote siku moja hushindwa siku ya tatu, mbele ya sahani ya muhogo usio na ladha.

Ongeza ladha kwingine. Na hapa tuna bahati, viungo tunavyo: ndimu, ukwaju, embe mbichi, thomu, tangawizi, bizari, pilipili manga, mdalasini. Samaki mbichi, changu au tasi, akipakwa thomu, ndimu na pilipili akaachwa nusu saa kabla ya kuchomwa, ukosefu wa chumvi hauonekani.

Chumvi iliyojificha ndiyo inayowashinda wengi. Ng'onda na papa mkavu wamehifadhiwa kwa chumvi. Kuwaroweka na kubadilisha maji mara mbili tatu kunapunguza, hakumalizi, kwa hiyo viwe vya siku moja moja. Achari, pilipili ya chupa, vidonge vya supu na boflo vyote vina chumvi. Urojo wa jioni nao una chumvi kwenye uji wake, kwenye bajia, kwenye kachori na kwenye chipsi za muhogo. Huna haja ya kuuaga moja kwa moja. Kula bakuli dogo siku moja ya wiki, omba ndimu na embe zaidi, na siku hiyo punguza chumvi ya nyumbani.

Sasa jambo ambalo nalishikilia kuliko yote katika hatua hii: kisipikwe chungu cha mgonjwa peke yake. Baba akitengewa mchuzi wake mweupe wakati watoto wanakula mwekundu, hamalizi mwezi. Atajiona amehukumiwa, na akialikwa maulidi atalipiza. Nyumba nzima ipunguze pamoja, anayetaka aongeze mezani. Na mpishi, akiwa mke, mkwe au dada wa kazi, aje kliniki siku moja amsikie daktari mwenyewe. Kumpa maagizo kupitia kwa mgonjwa huzaa ugomvi.

Tahadhari: Chumvi mbadala zenye potasiamu si salama kwa mwenye maradhi ya figo, wala kwa anayetumia losartan, enalapril au dawa za kundi hilo, mpaka amuulize daktari.

Utajua umefanikiwa ukila kwa watu ukaona chakula kina chumvi nyingi. Ulimi umerudi.

## Hatua ya 5: Tembea

Dakika 30, siku tano za wiki, mwendo wa kukufanya uhema kidogo lakini uweze kuzungumza. Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla, enda msikiti wa mbali alasiri, tembea pwani maji yakitoka. Wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani wanaofanya kazi hiyo kila bamvua tayari wana sehemu kubwa ya mazoezi yao. Ukipata maumivu ya kifua au pumzi ikikata, simama na ukaonane na daktari. Sigara na tumbaku ya kutafuna ziache kabisa.

## Hatua ya 6: Pangia siku utakayochoka

Utachoka. Dawa ya maisha inachosha, hata mtu mwenye imani na nidhamu. Kwa hiyo amua leo, moyo ukiwa mzuri, utafanya nini siku hiyo. Andika kwenye daftari kwa mtindo huu: "Nikirudi nimechelewa nimechoka, namezea palepale mlangoni kabla ya kukaa." "Nikikosa siku mbili, namwambia binti yangu jioni hiyo hiyo." Mpango uliofungwa kwenye hali fulani hufanya kazi kuliko kusema nitajitahidi.

Yule mtu mmoja wa nyumbani naye afundishwe namna ya kuuliza. "Baba, shikamoo. Tumeandika ngapi leo?" inafungua mlango. "Baba, utapooza utuachie mzigo!" inamfanya mzee afiche kisanduku. Vitisho vimeshajaribiwa kwenye nyumba nyingi, na matokeo yake ni watu wanaosema wamemeza ilhali hawajameza.

Andika pia sababu yako, iwe ya kushikika: kumsindikiza mjukuu skuli, kupanda mkarafuu wako mwenyewe msimu ujao, kwenda Hija kwa miguu yako.

Ukiacha wiki nzima, usijiadhibu na usianze kwa dozi kubwa. Pima, meza dozi yako ya kawaida, endelea. Ila kama uliacha muda mrefu zaidi, onana na daktari kwanza. Na huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, hupendi chakula wala watu, hilo nalo ni la kumwambia daktari.

### Ramadhani

Maandalizi yafanywe Shaabani, isiwe usiku wa kuandama mwezi. Muulize daktari mambo matatu: je, hali yangu inaruhusu kufunga? Dawa za mara mbili kwa siku zinaweza kubadilishwa ziwe za mara moja? Ya mkojo niimeze saa ngapi? Mara nyingi dawa hupangwa futari au daku. Usijipangie mwenyewe kwa kufuata ya jirani.

Kosa kubwa la mwezi huo ni sambusa, kachori na katlesi kila jioni, pamoja na maji machache. Anza kwa tende na maji, kula muhogo au mbatata za nazi kwa tui jepesi, vya kukaanga viwe kimoja. Daku usiiache.

Na aliyekatazwa na daktari asione amepungukiwa. Mgonjwa ameruhusiwa kula ndani ya Qur-ani yenyewe, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. La kulipa siku au fidia amuulize shekhe wake.

## Hatua ya 7: Jua wakati wa kukimbia

Namba ikifika 180/120 au zaidi, kaa dakika tano, rudia. Ikibaki hapo na una maumivu ya kifua, pumzi fupi, kichwa kikali kisicho cha kawaida, macho kufifia au kuchanganyikiwa, nenda hospitali sasa. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, onana na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Usimeze dozi ya ziada na usinywe ndimu ukisubiri ishuke.

Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukiishiwa nguvu, maneno yakikwama: hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme sicho, hata kama mashine inasoma namba nzuri. Angalia saa ilipoanza, daktari atauliza. Usimpe mgonjwa kitu mdomoni, na usipoteze usiku kwa kumsugua mafuta.

Amueni mapema mtakwenda wapi. Pemba zipo hospitali za Abdulla Mzee Mkoani, Chake Chake na Wete; mjini Unguja ipo Mnazi Mmoja. Nambari ya jirani mwenye gari, aliyekubali kugongewa hata saa nane za usiku, iandikwe kwenye jalada la daftari.

## Hatua ya 8: Nenda kliniki na mkono wenye kitu

Beba daftari, vidonge vyote pamoja na vya maumivu na vya mitishamba, na mara moja kwa mwaka beba mashine ilinganishwe na yao. Dawa ya asubuhi meza kama kawaida. Anayekwenda bila kumeza "ili wapime sawasawa" humpa daktari namba isiyo yake.

Andika maswali yako mawili makubwa nyumbani, uyaulize kabla ya kusimama. Uliza kuhusu kipimo cha figo na sukari kama hujapimwa mwaka huu. Kama dirisha la dawa halina aina yako, omba uandikiwe jina na miligramu ukanunue, au ubadilishiwe na daktari siku hiyo hiyo, na usiondoke na ahadi ya "njoo wiki ijayo" ukiwa na vidonge viwili mfukoni. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye daftari, na yule mtu wako wa nyumbani aione.